Tutakwenda Japani

Maiti ya Marijani ilikutwa alfajiri katika karakana ya seremala, Keko, imelala kifudifudi juu ya maranda. Kando yake lilikuwa sanduku refu la mninga ambalo lilikuwa bado halijatiwa bawaba. Bwana Halford alikuwa ameliagiza kwa ajili ya kusafirishia fimbo zake za gofu hadi kaskazini mwa Japani. Marehemu alikuwa mmoja wa wabeba fimbo wake wawili.

Koplo Mfaume alikuwa amekwisha kumfunga pingu seremala, Gregori.

"Karakana yake, nyundo yake," alisema. "Huyu ni wa kitanzi, afande."

Inspekta Kamugisha alipiga goti kando ya maiti. Aliinama juu ya jeraha. Kisogo kilikuwa kimebonyea, na ngozi ilikuwa na alama za mistari midogo iliyo sambamba. Aliichukua nyundo, akapitisha kidole kwenye uso wake wa chuma. Ulikuwa laini.

"Nyundo haina mistari, Koplo. Fimbo ya chuma ya gofu inayo. Mfungue."

"Lakini afande..."

"Mfungue, kisha umwombe radhi. Halafu tumtafute mbeba fimbo wa pili."

Wa pili aliitwa Kasimiri. Alikutwa chumbani kwake, Temeke. Nyuma ya mlango lilining'inia koti zito la sufu.

"La nini hili?"

"La baridi, afande."

"Baridi ipi?"

Kasimiri alijifuta jasho. "Ya kipupwe."

"Kipupwe cha Temeke hakijapata kumvalisha mtu koti kama hili. Kaskazini mwa Japani kuna theluji. Nani alikuambia utakwenda?"

Koplo alivuta fimbo ya chuma kutoka uvunguni. Nywele zilikuwa zimegandia katika mistari yake.

Kasimiri alionywa kwamba ana hiari ya kunyamaza. Hakunyamaza.

"Bwana alisema uwanjani, 'Mwakani tutakwenda Japani kucheza gofu.' Alisema akinitazama mimi! Marijani akadai aliyekusudiwa ni yeye. Akanisimanga mbele ya wenzetu: 'Wewe baki uokote mipira vichakani. Theluji nitakuletea kwenye chupa.' Jana jioni akaenda Keko kulikagua sanduku, kana kwamba ni lake. Nikamfuata."

Adhuhuri Inspekta alimkuta Bwana Halford barazani, ramani ya Japani imetandazwa mezani.

"Ulikusudia kumchukua nani kati ya wale wawili?"

"Kati yao?" Mzungu alishangaa kwa dhati. "Nakwenda na mke wangu. Kule fimbo hubebwa na wanawake wa huko huko. Niambie, Inspekta, Jumamosi nitabebewa na nani?"

Inspekta alirudi kituoni, akasimama mbele ya mahabusu.

"Ile 'tu' ilikuwa ya Bwana na mkewe."

Kasimiri alisogea hadi kwenye nondo.

"Mbona alinitazama mimi?"

"Alikuwa akiitazama fimbo," alisema Inspekta. "Wewe ndiye uliyekuwa umeishika."