Foleni ya Saa Kumi na Moja

Kila asubuhi Bi Ulaya alifika kwa Fundi kabla jua halijapata nguvu. Alifungua madirisha. Alimfuta mzee uso kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Alimnywesha chai kwa kijiko, taratibu, mpaka kikombe kikaisha. Kisha alimkalisha kwenye kiti cha magurudumu na kumsogeza dirishani. Hapo Fundi aliutazama ukuta wa jirani mpaka jioni.

Fundi alikuwa seremala. Nusu ya vitanda vya mtaa ule vilitoka mikononi mwake. Kisha alipooza upande wa kulia, mkono na mguu. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Wateja walikuja kumjulia hali mwezi wa kwanza, wakapungua, wakaisha. Alibaki na mwanawe mmoja, muuza vipuri vya magari. Mwana huyo alikuwa mtu wa maneno mawili tu: "Niko njiani."

Bi Ulaya naye hakuwa na mtu. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu aliishi Italia miaka mingi akifanya usafi katika shule moja. Aliondoka msichana, akarudi na mvi. Aliwakuta wazazi makaburini na ndugu wametawanyika. Alipanga chumba kimoja, akaajiriwa kumtunza Fundi. Alinunua viti viwili, kwa kuwa dukani viliuzwa viwili viwili. Kimoja alikikalia. Kingine alikitundikia nguo.

Kulikuwa na jambo moja alilolitamani. Alitaka kupiga kura.

Hakuwahi kupiga kura maishani mwake. Kule alikuwa mgeni, na huku hakuwapo. Siku za uchaguzi, shule aliyoifagia iligeuzwa kituo cha kupigia kura. Aliwaona watu wakipanga foleni. Walisalimiana, walitaniana, waliulizana habari za watoto. Yeye alisimama pembeni na ndoo yake, akingoja watoke apige deki. Hakuna aliyemuuliza habari zake.

Sasa alikuwa amerudi kwao. Alijiandikisha, akapewa kadi. Aliiweka ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya mkoba, na mkoba chini ya mto.

Siku ya uchaguzi ilipofika, watu walipumzika. Lakini kumtunza mgonjwa hakuna mapumziko. Bi Ulaya alikwenda kazini kama kawaida.

"Huendi kupiga kura?" Fundi alimuuliza.

"Nitakwenda usiku, watu wakiwa wamepungua. Si kituo kinafungwa saa tano usiku?"

"Saa tano usiku? Nani kakwambia?"

"Fundi, mimi nimefagia kituo cha kura miaka na miaka. Utanifundisha mimi?"

"Zamani tulikuwa tunamaliza jua likiwa bado linawaka."

"Hiyo zamani yako, baba. Dunia imekwenda mbele."

"Haya," Fundi akasema. "Mwenye macho haambiwi tazama."

Mwana wa Fundi alikuja kumpokea zamu baada ya magharibi. Bi Ulaya alikwenda nyumbani, akaoga. Alivaa gauni lake zuri na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga vumbi la mtaa ule. Akashika njia kwenda shuleni, kwenye kituo. Njiani alikuwa akitabasamu peke yake.

Lango lilikuwa limefungwa. Ndani ya darasa taa zilikuwa zinawaka. Kupitia dirishani aliona watu wameizunguka meza, wakihesabu karatasi. Askari alimzuia. Akatoka mzee mwembamba mwenye miwani, mwalimu mstaafu. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kituo.

"Mama, tumeshafunga," Mwalimu alisema.

"Mmefungaje? Hata saa mbili bado!"

"Tulifunga saa kumi na moja jioni."

"Saa kumi na moja? Hata kuku hawajaingia bandani! Mnafunga mapema ili mpate nafasi ya kuiba kura!"

"Mama, punguza sauti," askari alisema.

"Sipunguzi! Nimengoja siku hii maisha yangu yote!"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Pole sana, mama. Muda ukishapita, sina ruhusa ya kukuingiza."

Bi Ulaya alirudi chumbani kwake. Aliketi na gauni lake zuri. Aliondoa nguo kwenye kile kiti cha pili, akakipangusa vumbi. Akakitazama kwa muda. Kisha akazirudisha nguo zilezile palepale. Kwani nani angekuja?

Baada ya siku chache redio ilitangaza matokeo. Hakuna mgombea aliyefikisha nusu ya kura. Uchaguzi ungerudiwa kwa wawili wa juu.

Asubuhi moja Bi Ulaya alikuwa anaanika mashuka ya Fundi kwenye kamba, uani kwa Fundi. Shuka moja likasogea. Nyuma yake akatokea yule mzee mwenye miwani, ameshika soksi zake mbili mbichi.

"Hodi, mama. Ni mimi, yule mwizi."

Bi Ulaya aliona aibu, lakini hakutaka kuionyesha. "Umenifuata mpaka hapa?"

"Nikufuate? Mimi naishi hapo, mlango wa bluu. Kamba hii ni yetu sote. Mwaka mzima nimekuwa nikiona mashuka tu, sijui mwenye kuyaanika ni nani."

"Basi ndiye mimi. Samahani kwa maneno ya siku ile."

"Nimefundisha watoto miaka mingi. Nimeitwa mabaya zaidi ya hayo." Alianika soksi moja. "Lakini niambie. Hiyo saa tano usiku uliitoa wapi?"

"Italia. Nilikuwa nafanya usafi kituoni. Nilikuwa naanza kupiga deki watu wakishatoka, na wanatoka saa tano usiku."

"Basi hukukosea. Italia hufunga saa tano usiku. Kosa ni kuichukua saa ya Italia ukaja nayo huku. Kila nchi ina sheria yake. Ujerumani hufunga saa kumi na mbili jioni. Uingereza, saa nne usiku. Afrika Kusini, kwenye uchaguzi mkuu, saa tatu usiku. Marekani ndiyo usiseme, kila jimbo lina saa zake."

"Nchi moja, saa mbalimbali? Mbona ni vurugu?"

"Wenyewe wamezoea. Anayehama jimbo inabidi aulize upya."

Bi Ulaya alikung'uta foronya. "Sasa sisi tunakimbilia wapi? Kwa nini tusifunge usiku kama wenzetu?"

"Nchi huangalia mambo yake. Uingereza hupiga kura siku ya kazi, kwa hiyo anayetoka kazini jioni lazima apate nafasi. Hapa tunapewa siku ya mapumziko. Halafu sisi tunahesabu kura palepale kituoni, mbele ya mawakala wa vyama. Vituo vingine havina umeme. Na wapo watu wanaotembea mwendo mrefu kurudi makwao. Wengine wanasema tuongeze saa, na hoja yao ina uzito. Lakini mpaka sheria ibadilishwe, kwetu ni saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Imeandikwa kwenye tangazo mlangoni mwa kituo, wiki nzima kabla ya kura. Na redioni husemwa kila siku."

"Redio nilikuwa naizima wakianza siasa."

"Basi ulizima na saa za kura humo humo."

Bi Ulaya akacheka. Hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini na mtu aliyesimama karibu naye.

"Na nikichelewa kidogo?" aliuliza.

"Sikiliza vizuri hapo. Ukiwa umeshaingia kwenye foleni kabla ya saa kumi na moja, utapiga kura hata giza likiingia. Foleni haikatwi. Ukifika baada ya hapo, hata mimi siwezi kukusaidia. Lakini usingoje mwisho, mama. Njoo asubuhi."

"Asubuhi niko na mgonjwa. Siwezi kumwacha peke yake."

"Huyo mgonjwa wako, yeye ana kadi?"

Bi Ulaya alikuwa ameshika kibanio mdomoni. Alikitoa. "Sijamuuliza."

"Muulize. Wagonjwa na wazee hupelekwa mbele, hawangoji foleni. Na asiyeweza kuandika huja na mtu anayemwamini amsaidie."

Bi Ulaya aliingia ndani. Fundi alikuwa anautazama ukuta.

"Fundi, una kadi ya kupigia kura?"

Fundi hakugeuka. "Nani kasema mimi bado ni mtu wa kupiga kura?"

"Mimi nauliza kadi tu, baba."

Fundi aligeuza kichwa kumtazama. Kisha akasema polepole, "Kwenye sanduku la zana. Chini ya randa."

Mwanawe alipoambiwa alifurahi sana. "Mzee, siku hiyo ni yangu! Nitakuja na gari asubuhi, niwachukue wote wawili. Msihangaike!"

Siku ya marudio ilifika. Fundi alinyolewa ndevu na kuvaa shati jeupe. Bi Ulaya alivaa gauni lake. Wakamngoja mwenye gari.

Asubuhi alipigiwa simu. "Niko njiani."

Adhuhuri alipigiwa tena. "Niko njiani, kuna mteja mmoja tu."

Alasiri hakupokea kabisa.

Bi Ulaya alikwenda mlangoni, akarudi. Akaenda, akarudi. Akilini aliiona tena ile taa ya darasani, na lile lango lililofungwa. Akimwacha mzee akimbie peke yake, anafika. Lakini Fundi alikuwa amekaa wima katika shati lake jeupe, na kadi mkononi.

"Nenda wewe," Fundi alisema. "Mimi nimeshazoea kubaki."

"Sikuachi."

"Basi hiyo njia ya mwanangu haina mwisho. Nisukume."

"Kwenye mchanga ule? Na kile kilima?"

"Mimi nimepanda kilima kile na kabati mgongoni. Wewe unashindwa na mifupa?"

Wakatoka. Kwenye lami kiti kilikwenda vizuri. Kwenye mchanga magurudumu yalizama. Bi Ulaya alikigeuza kiti, akakivuta kinyumenyume. Jasho lilimtiririka mpaka machoni. Viatu vizuri alivivua, akavitia mapajani mwa Fundi.

"Leo nimekuwa kabati la viatu," Fundi alisema.

"Nyamaza, baba, usinichekeshe. Nguvu zitaniisha."

Walipoingia langoni, foleni ilikuwa bado ndefu. Wakajiunga mwishoni. Bi Ulaya alikuwa bado anahema Mwalimu alipotoka darasani na kuitazama saa yake.

"Saa kumi na moja kamili," alitangaza. "Askari, simama nyuma ya mtu wa mwisho."

Askari alikuja akasimama nyuma ya Bi Ulaya. Alikuwa yule yule wa siku ile. "Nyuma yangu haingii mtu," alisema kwa sauti. "Aliye mbele yangu hafukuzwi. Mama, leo huna haja ya kupiga kelele."

"Leo ulinzi nimepata," Bi Ulaya alijibu.

Mwalimu aliwaona. Akaja haraka. "Fundi! Karibu mbele. Wewe hupangi foleni. Mama, msukume tupite."

Lakini Fundi aliinua mkono wake mzima. "Mwalimu, ahsante. Niache hapa hapa."

"Utachoka, Fundi."

"Nichoke na nini? Kila siku nimekaa na ukuta. Ukuta hausemi. Hapa kuna watu. Niacheni nikae na watu."

Watu wa mbele waligeuka. Mwanamume mmoja mnene akapaza sauti. "Alaa! Ni Fundi huyu? Fundi, kumbe upo! Kile kitanda ulichoniuzia kinalia mpaka leo!"

"Kitanda hakilii chenyewe," Fundi alijibu. "Waulize wanaolala juu yake."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mmoja akaja kumpa mkono, akafuata mwingine. Huyu alitengenezewa meza, yule mlango. Mmoja alisema alidhani Fundi amehamia kwa mwanawe. Mwingine alisema ataleta kiti kirekebishwe, na Fundi akamwambia aje amsomee vipimo, mkono wa kushoto umeanza kujifunza kazi.

Mwanamke aliyekuwa mbele yao alimgeukia Bi Ulaya. "Dada, wewe unaishi wapi? Sijawahi kukuona."

"Pale nyuma ya duka la vioo. Uani."

"Ua ule wenye mwembe? Kumbe u jirani yangu! Unashindaje peke yako humo?"

Bi Ulaya alikishika vizuri kiti cha Fundi. Akasema tu, "Nashinda." Yule mwanamke akamtazama, akatikisa kichwa, akasema, "Kesho nitakuja."

Giza liliingia. Ndani wakawasha taa. Foleni ilisogea mtu mmoja mmoja, na hakuna aliyerudishwa.

Fundi alipofika mezani, karani alimuuliza kama anataka mtu wa kumsaidia kuweka alama. Alikataa. Alisukumwa hadi kwenye kibanda, akaachwa peke yake. Alikawia humo. Alipotoka, alikuwa ameikunja karatasi kwa mkono wa kushoto na meno. Akaitumbukiza sandukuni mwenyewe.

Wa mwisho kabisa alikuwa Bi Ulaya. Aliingia kibandani. Aliitazama ile karatasi, majina mawili na picha mbili, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Aliweka alama yake, akakunja. Karatasi ilipoanguka sandukuni haikutoa sauti yoyote.

Karani, binti mwenye macho ya usingizi, alikuwa na kichupa cha wino.

"Lete kidole, mama. Kina mchanga, ngoja nikipanguse. Tulia."

Akaushika mkono wa Bi Ulaya kwa mikono yake yote miwili, akaulaza juu ya meza, akachovya kidole kwenye wino. Akasubiri wino ukauke, bado ameushika mkono. Bi Ulaya hakuuvuta.