Programu ya Murugi

Daktari Wambugu, mhadhiri wao, aliweka ripoti mbili mezani, akauliza nani alikopi kwa mwenzake.

Murugi alimtazama Simiyu. Walikuwa wapenzi tangu mwaka wa pili, wote wanafunzi wa sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu cha umma huko Nyeri. Programu iliyoelezwa katika ripoti zote mbili ilikuwa yake Murugi: husikiliza milio ya ndege wanaovamia mpunga, kisha humtumia mkulima ujumbe. Milio yenyewe aliirekodi mashambani kwao Wang'uru, asubuhi baada ya asubuhi.

Daktari akasema wakinyamaza, wote wawili hawatahitimu.

— Ni mimi, Daktari, Simiyu akasema. — Yangu ilikataa kufanya kazi, nikaogopa. Nikakopi ya Murugi kwa laptop yake akiwa kanisani. Yeye hakujua.

Murugi akachukua mkoba wake, akatoka. Simiyu alimfuata hadi getini akimwomba msamaha.

— Ungeniomba, ningekusaidia, Murugi akamwambia. — Sasa wacha niende.

Idara ilimrudisha Simiyu nyuma mwaka mzima. Murugi alihitimu, akapata kazi Sagana. Simu za Simiyu hakushika. Mwishowe Simiyu akamwandikia: "Sitakusumbua tena. Nimeanza upya. Hii ni kazi yangu mwenyewe." Hakujibiwa, naye hakuandika tena.

Safari hii alitengeneza programu ya kusoma Kibukusu kwa sauti, kwa sababu mama yake alikuwa amepoteza macho. Siku ya kuitetea mbele ya walimu, aliinua uso akamwona Murugi kiti cha nyuma kabisa. Akasahau sentensi aliyokuwa akisema. Walimu wakamngoja. Akaendelea, akawaonyesha hata maneno ambayo programu iliyakosea.

Baadaye alimkuta nje, kwenye benchi, amejikunyata kwa baridi ya mlima. Akamvulia koti lake. Murugi akalivaa.

— Nilikusamehe kitambo, akasema. — Kukuamini ndio imechukua mwaka.

— Na sasa?

— Leo umewaonyesha mahali programu yako inashindwa, na hawakuwa wameuliza. Keti hapa.

Desemba Murugi alimpeleka kwao Wang'uru. Baba yake Murugi, mzee Kingori, alitaka kujua mgeni ni mtu wa aina gani. Murugi alifungua mdomo amsifu, lakini Simiyu akamtangulia. Alianza na ile siku ya laptop, akasimulia yote bila kujitetea.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia binti yake.

— Murugi, mletee chakula. Huyu ametoka mbali.