Msomaji wa Mama

Mama alikuwa na mwandishi wake mmoja tu. Macho yalipomfifia hata asiweze kutofautisha mlango na dirisha, hakulilia jua wala nyuso za watu. Alililia riwaya za mwanamke yule, aliyeandika vitabu vichache, akafa, basi. Ikawa kazi ya binti yake kumsomea kila jioni akitoka dukani, alikokuwa fundi miwani, shingo ikimuuma kwa kuinamia vioo vya watu kutwa nzima.

Binti alikuwa amevichoka vitabu vile. Alileta vingine, vipya, vilivyosifiwa na wateja wake. Mama alisikiliza ukurasa mmoja, akageuza uso ukutani kama mtoto anayekataa dawa. Binti alipomuuliza huyo wako ana nini ambacho wenzake hawana, mama alisema hajui, ila anamwamini. Jibu lile lilimkera kuliko kunyamaziwa. Miaka yote anakausha koo, na sababu yenyewe haijulikani!

Jioni moja alifungua pale walipoishia, mama akamkatiza. Alisema hapo walishapita. Dereva amepona homa na amemwoa yule mpishi. Binti alidhani ni utani. Kitabu kile alikijua nje ndani, na dereva haponi. Akamsomea mistari yenyewe, dereva akakata roho palepale. Mama akakunja uso, akasema mbona mchana alisomewa vingine.

"Na nani?"

"Si wewe? Nilidhani umerudi mapema."

Binti alikuwa ameufunga mlango mwenyewe asubuhi, na ufunguo haukutoka kwenye mkoba wake.

Kuanzia hapo chumba cha mama kikawa na harufu, kama ya nywele zilizoungua, isiyotoka hata madirisha yakiachwa wazi. Mama akapunguza kula. Jioni binti akishika kitabu, aliambiwa kwa upole kwamba apumzike tu, kazi imeshafanyika. Kazi aliyoilaani miaka nenda miaka rudi, sasa akaionea wivu, na wivu wenyewe ukamkasirisha.

Akaomba ruhusa kazini, akarudi saa za mchana. Alivua viatu sebuleni, akanyata kwenye korido, na kabla hajafika mlangoni aliisikia sauti ikisoma, na sauti ilikuwa yake yeye, ile ile, ila haikuchoka, haikumeza maneno, haikuwa na haraka ya kumaliza ikapike, ikapanda na kushuka kama inayombembeleza mtoto, na aliposukuma mlango akamwona mama amejilaza akitabasamu, na mbele yake kiti kitupu ambacho mto wake ulikuwa umebonyea katikati, kama mtu ameukalia, na kitabu kiko rafuni, kimefungwa.

Akamwita mganga, mwanamke mfupi mwenye kikohozi, ambaye alisimama muda wote, hakukubali kukaa. Alisoma visomo alivyovijua, akanyunyiza maji pembe zote, kisha akamvuta binti kando, akamnong'oneza.

"Huyo hakuvunja mlango. Mama yako anampenda. Mgeni wa namna hiyo mimi sina uwezo naye."

Akachukua mkoba wake, akaenda zake. Binti alitamani kuvunja sahani. Akarudi chumbani, akaketi kitandani, akamshika mama mkono.

"Mama, anayekusomea si mtu."

"Najua. Hapumui."

"Unajua, na unamwacha?"

Mama akaeleza kwamba mwanzoni alifurahi, kwa kuwa katika usomaji ule hakuna aliyekufa wala aliyeachwa. Kila mtu aliyempenda kitabuni alirudishiwa mzima. Lakini sasa akiamka hakumbuki hata mmoja wao.

"Mwandishi wangu hanibembelezi," alisema. "Akitaka kuniumiza, ananiumiza, na najua hajanidanganya. Huyu ananilambisha sukari tu."

Akageuza uso kuelekea kwenye kiti.

"Umenisikia? Dereva alikufa. Kama huwezi kumwacha afe, toka chumbani mwangu."

Kiti kikatoa mlio, kama mtu anainuka taratibu. Harufu ikawapita, ikatoka mlangoni.

Nyumba ikatulia. Mama akarudia kula vizuri, na binti akarudia kusoma, huku akilalamikiwa kwamba anameza maneno, naye akijibu kwamba anayeona anasoma vibaya atafute mwingine, halafu wote wawili wakikigeukia kile kiti.

Siku moja umeme ulikatika dukani, wakafunga mapema. Alipofungua mlango wa nyumbani hakukuta harufu yoyote. Ila sauti ilikuwepo, na safari hii haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, kavu, isiyo na haraka, na hadithi iliyokuwa ikisomwa haikuwa katika kitabu chochote cha nyumba ile, ilimhusu fundi miwani mmoja aliyekuwa na mama asiyeona, aliyerudi nyumbani mapema kwa sababu umeme umekatika, akasimama koridoni na mkoba begani, akafikiri akimbie, akageuka, akakuta mlango alioingilia hauko tena, umebaki ukuta mtupu, na binti mwenyewe alipogeuka, kweli ukuta ulikuwa mtupu.

"Mama," aliita kwa sauti ya chini. "Mwambie anyamaze. Tafadhali, mama."

Sauti ikasita, kama inayongoja ruhusa. Alimwona mama kupitia mlango wa chumba ulio wazi. Alikuwa ameketi wima, mkono mmoja umemziba mdomo, machozi yakimchuruzika hadi kwenye vidole, na uso wake ulikuwa na ile sura aliyokuwa nayo akisomewa mwandishi wake mmoja tu duniani.

Akautoa mkono mdomoni.

"Endelea," alisema.