Ndiyo Niliyoisema Mimi

Kila asubuhi saa moja askari alifungua lango, nasi tukajipanga na mbuzi wetu. Alihesabu watu, akahesabu mbuzi, akakagua vibali. Jioni saa kumi na moja sote lazima tuwe ndani. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka wa 1966, wakati wa vita vya serikali na waasi, na serikali ilikuwa imetukusanya ndani ya ua wa miiba na seng'enge, mwendo wa nusu siku kutoka Garissa. Sisi tuliozoea kuifuata mvua popote ilikonyesha, tukafungiwa mahali pamoja! Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na hata leo nikiukumbuka ua ule nakereka.

Maji yaliletwa na lori kutoka mto Tana mara mbili kwa juma, wala hayakutosha. Mama yangu Ebla, ambaye nilimwita hooyo kama tusemavyo kwetu, alibaki na mbuzi saba tu. Maziwa yao ndiyo yaliyomlisha mdogo wangu Guleid. Wangekufa wale, sijui tungempa nini.

Siku moja akaja Bwana Maghanga, afisa wa maendeleo, pamoja na askari wawili. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, niliitwa kufasiri.

"Sirad, waambie tutachimba bwawa," alisema. "Tutalichimba hapa karibu na lango, askari waweze kuliona. Kila nyumba itatoa mtu mmoja. Waulize kama wamekubali."

Nilipofasiri, hooyo alisimama. "Mwambie hapa ni mchanga mtupu, maji yatazama. Udongo mweusi uko nje ya ua, upande wa mashariki. Pale mvua ikipita, maji hukaa miezi."

Nikawatazama askari. Juma lililopita mtu mmoja alibishana langoni akapigwa kitako cha bunduki mbele yetu. 

"Wanasema ndiyo," nikamwambia afisa.

Bwana Maghanga akaandika katika daftari lake. Hooyo hakujua Kiswahili, lakini neno ndiyo alilijua. Alinitazama, akaketi.

Tulichimba majuma matatu kwa sururu na karai. Mvua ikanyesha, bwawa likajaa, watoto wakarukaruka ukingoni. Siku ya tano lilibaki tope. Afisa aliagiza watu walizibe lisivuje, hakutoka hata mmoja.

"Kwetu kisima ni cha aliyekichimba, na huitwa kwa jina lake," alisema mzee wetu Nuh, ambaye sote tulimwita Adeer, yaani ami. "Hili tumelichimba kwa amri. Basi amri na ije ilizibe."

Mbuzi wetu wawili wakafa. Guleid alikuwa akilia hadi sauti inakatika. Mimi nilijua kosa ni la nani, lakini ningekimbilia wapi? Lango lilikuwa na askari, na nyumbani kulikuwa na macho ya hooyo.

Bwana Maghanga alirudi akiwa amekasirika. "Waulize kwa nini wameliacha bwawa. Si walikubali wenyewe?"

"Hawakukubali, bwana. Hooyo alisema hapa ni mchanga. Mimi niliogopa, nikasema ndiyo."

"Umefanya vibaya, binti," alisema. "Lakini mimi nimefanya vibaya zaidi. Nilikuja nimeshaamua, tena nikawauliza mbele ya bunduki. Nani angenijibu ukweli?"

Akawaambia askari warudi langoni. Kisha akaketi chini pamoja nasi. "Muulize mama yako tufanye nini."

Siku ile nilifasiri kila neno, hata Rukiyo jirani yetu alipomwita afisa mjinga. Bwana Maghanga alicheka. Hooyo alimpeleka kwenye udongo mweusi, lakini mkuu wa askari akakataa katakata bwawa nje ya ua.

Adeer Nuh akakuna kidevu. "Basi tuusogeze ua. Miiba tutakata wenyewe."

Ikawa hivyo. Sisi wenyewe tulipanga nani achimbe lini, na nani anyweshe kwanza. Hakuna aliyesukumwa. Mvua za Aprili ziliponyesha, maji yalitulia, na hadi Julai mbuzi wetu watano walikuwa wakiyanywa. Guleid alinenepa mashavu.

Bwana Maghanga alipokuja kuliona, aliniambia niwafasirie. "Kuwaita watu wasikilize si kuwashirikisha. Kuwapa majembe, bado hujawashirikisha. Kuwauliza ni mwanzo tu. Mlipoamua wenyewe pa kuchimba na jinsi ya kutumia maji, ndipo kazi ikawa yenu. Na wewe Sirad, neno la watu ni amana. Usiliache njiani kwa woga."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Hooyo akasema, "Mwambie amesema kweli. Kisha mwambie kuhusu huu ua hatujaulizwa bado."

Askari walikuwa wamesimama hatua chache tu nyuma yake. Niliwatazama mmoja mmoja, nikamgeukia afisa, nikalisema neno la hooyo lote kama lilivyo, kwa sauti iliyosikika hadi langoni.