Gumba Juu

Jumamosi alasiri Mama Hewa alisimama mbele ya ubao wa duka lao la kupiga mbizi, akausoma mara mbili. Mwandiko ulikuwa wa mumewe, Mwalimu: "Maji yanaonyesha hadi mita nane mbele, mkondo mdogo. Kasa wawili, mkunga mmoja, taa mkubwa. Walioingia wanne, waliotoka watano."

Alimtania kwamba siku hizi hata kuhesabu vidole kunamshinda. Mwalimu alifuta neno la mwisho kwa kiganja, akaandika "wanne". Kiganja kiliacha maji yakitiririka ubaoni, ingawa alikuwa ametoka baharini saa tatu zilizopita na mwili ulikuwa mkavu kabisa.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka. Jioni ile ukumbi ulinuka mwani uliooza, na Mama Hewa akapiga deki mara mbili, kwa sabuni na kwa hasira, huku nyuma ya mlango wa bafu, mle ambamo hamkuwa na mtu wala bomba lililofunguliwa, mapovu yakisikika yakipanda taratibu, yakatulia, yakapanda tena, kama mtu anayepumua kwa subira akingoja kukaribishwa.

Jumapili asubuhi wapigambizi walirudi wakishangaa. Maji yalionyesha mita thelathini, hawajawahi kuona bahari safi vile, lakini hawakuona hata dagaa. Ndipo Mwalimu alipomvuta mkewe hadi chumba cha mitungi ya hewa.

Chini ya maji watu husemezana kwa mikono. Gumba juu, ambalo nchi kavu ni "safi", kule maana yake ni "tupande". Na sheria anayoihubiri Mwalimu mpaka wanafunzi wanapiga miayo ni moja: ukipewa alama, jibu.

"Jana mkono ulitokeza kwenye tope," alinong'ona. "Ukanionyesha gumba. Nikajibu."

"Mkono wa nani?"

"Wanafunzi wote watatu walikuwa nyuma yangu, mke wangu."

Wakamwita shangazi yake Mama Hewa, mganga. Alifika, akanusa ukumbi, akakataa kiti. Alisema jini huyu hakuvunja mlango. Aliomba ruhusa akapewa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Kwa huyu, mwanangu, mwenyeji haponi."

Aliyemkaribisha ndiye wa kumrudisha: ashuke palepale kabla jua halijazama, amwonyeshe gumba chini, amwache. Baada ya hapo jini akiuliza lolote, asijibiwe. Mama Hewa akasema ataandamana na mumewe, kwa sababu hakuna apigaye mbizi peke yake.

Walishuka wameshikana mikono. Mwalimu alipoonyesha gumba chini, mchanga ulifumuka, maji yakawa meusi, mkono wa mumewe ukamponyoka Mama Hewa, naye akapapasa huku na huku, moyo ukimdunda masikioni, mpaka tope lilipoanza kutua na akawaona Mwalimu wawili wamepiga magoti, miwani ileile, mapezi yaleyale yenye kiraka, wote wamekunja kidole kuwa duara wakimuuliza: uko sawa?

Akimjibu jini, amemkaribisha upya. Akimnyima mumewe jibu, amemwacha baharini. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Kisha akaona mkono mmoja unatetemeka. Jini ataogopa nini? alijiambia. Akaushika ule unaotetemeka, akauonyesha gumba juu, wakapanda. Yule mwingine alibaki amepiga magoti, akiuliza bado.

Ufukweni mumewe alivua miwani, akamwita Mama Hewa, akalia. Naye akalia. Shangazi, aliyewangoja pale, alimnusa Mwalimu shingoni, akapata chumvi tu, akaitikia kwa kichwa. Nyumba ilinukia sabuni. Mama Hewa alijisikia mwepesi, akacheka peke yake akibeba mitungi kwenda kuijaza kwa ajili ya Jumatatu.

Wake ulikuwa umebaki na hewa kidogo tu. Akaunganisha wa mumewe, akatazama mshale wa kipimo. Akakigonga kwa ukucha, akatazama tena.

Mtungi ulikuwa umejaa. Dakika arobaini chini ya bahari, na aliyerudi naye hakuvuta hata pumzi moja.

Ukumbini alisikia anaitwa kwa upole, chai iko tayari. Hakuitika. Alikuwa akitazama saa ya ukutani, kwa sababu kazi yake ni hewa, na alijua hewa ya aliyebaki kule chini ilikwisha robo saa iliyopita.