Kufuli la Tano

Makufuli yalikuwa matano, na mafundi wanne.

Katika mradi ule wa umeme wa jua, hakuna aliyechezea sheria ya kufuli. Kabla hujagusa nyaya, unazima swichi kuu, unatundika kufuli lako lenye jina lako, ufunguo unautia mfukoni. Swichi haiwashwi mpaka kila mmoja atoke na kufungua la kwake. Ndivyo watu walivyorudi kwao wakiwa wazima.

La tano lilikuwa na kutu, halina jina, na lilikuwa la baridi ingawa jua liliwaka kweli kweli.

"La nani hili?" msimamizi aliuliza. Kila fundi alionyesha la kwake.

Fundi waliyemwita Nyuzi alikuwa ameshachoka kusubiri. Mchana alifunga paneli, jioni alipiga gitaa, na ukimuuliza moyo wake uko wapi, asingekutajia paneli. Jioni hiyo alikuwa na harusi, na gitaa lilishawekwa garini.

"Bosi, si tupo wote? Kuna mzee alilisahau, basi. Lete mkasi wa kukatia chuma."

"Nyuzi, wewe na harusi zako!" mwenzake alicheka.

Alilikata mwenyewe. Swichi ilipowashwa, ndani ya chumba cha betri, mlimokuwa hamna mtu, kitu kilishusha pumzi ndefu kama aliyevua kiatu kinachombana, na harufu ya nywele zilizoungua ikawapita usoni. Walifunga vifaa vyao haraka haraka.

Aliporudi kutoka harusini, mkewe, mjamzito aliyekaribia kujifungua, alimfungulia mlango, kisha akageuka kutazama chumbani.

"Umetokea wapi?" alinong'ona. "Si uliingia tangu magharibi? Umekaa chumbani gizani, chakula umekataa. Umeniuliza tu mtoto anazaliwa lini."

Gitaa lilikuwa begani mwake, lakini huko chumbani gitaa lililia, polepole, ule wimbo aliomtungia mkewe walipochumbiana. Alipousukuma mlango alikuta kitanda, giza na harufu ile ile.

Asubuhi alimpeleka mkewe kwa mama mkwe. "Usimfungulie mtu yeyote," alimsihi, "mpaka usikie sauti yangu."

Kazini aliomba abadilishiwe kazi. "Chumba cha betri ni zamu yako, acha uoga," msimamizi alisema. Basi Nyuzi alizima swichi, akatundika kufuli lake, akalivuta mara mbili kuhakikisha, akaingia.

Alikuwa ameshika waya mnene kwa mkono mmoja mlango ulipojifunga nyuma yake, taratibu, kama unavyofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha mtoto, na alipotaka kuuachia ule waya vidole viligoma, na alipofungua kinywa kupiga kelele haikutoka hata pumzi, ikabaki harufu ya nywele ikimjaa puani na kooni, huku nje, karibu kabisa, akisikia wenzake wakikusanyika kama kawaida yao.

"Tupo wote?" msimamizi aliuliza.

"Wote wanne, bosi."

"Sasa hili kufuli la nani tena? Lina kutu, halina jina."

Ni langu, Nyuzi alilia moyoni, jina langu nililiandika kwa mkono wangu. Aliupapasa ufunguo mfukoni kwa mkono uliobaki huru. Ukamvunjikia vidoleni kama biskuti iliyolowa.

"Kuna mzee alilisahau, basi," ilijibu sauti yake mwenyewe, na kicheko chake mwenyewe. "Lete mkasi, bosi. Mke wangu ananisubiri kwa mama yake."

"Nyuzi, wewe na mkeo!" mwenzake alicheka.

Mkasi ukauma chuma.