Jogoo Aliyewika Jumamosi

Kila asubuhi Kathini alifagia uwanja, akawafungulia mbuzi, kisha akalikanda goti la nyanya yake kwa mafuta. Nyanya mwenyewe, ambaye kila mtu alimwita Susu, hakuacha kulalamika.

"Polepole! Hilo ni goti, si unga wa chapati."

Jumamosi moja goti lilikuwa bado linasita kukunjika simu ya Susu ilipowika. Kokorikoo! Jogoo halisi wa boma hilo aliliwa Krismasi, tena kwa mchuzi mzito, na tangu hapo kazi yake ilikuwa imeachiwa simu.

"Haya, jogoo ameita," Susu akasema, akainuka kwa kushika ukuta. "Nifungie punda mitungi."

Jogoo huyo aliitwa Jogoo wa Maji. Ilikuwa programu ya simu ambayo Kathini, mwanafunzi wa gredi ya nane, aliitengeneza na mwenzake Mutie katika chama cha kompyuta cha shule. Kijiji chao kiko chini ya Kibwezi, kule ambako mto huwa na maji siku mbili na mchanga mwaka mzima. Pampu moja ilihudumia vijiji viwili, na siku za zamu zilibadilika kila mwezi. Zamani akina mama walitembea hadi kwenye kioski cha maji wakakuta bomba limekauka. Sasa walisubiri simu iwike ndipo wafunge punda.

Kathini aliifunga ile mitungi kimya. Alijua jogoo amedanganya. Mwezi ule zamu yao ilikuwa imehamia Jumatano. Bi Najma, mama aliyesimamia kioski, alikuwa amemwambia yeye mwenyewe ana kwa ana. Hata hivyo alikaza kamba ya mwisho. Susu akashika njia, anachechemea nyuma ya punda.

Shida ilianzia kwenye kompyuta ya shule. Programu huandikwa kwenye kompyuta kwanza, kisha hufungwa kama furushi ili iweze kusafiri na kuingia kwenye simu za watu. Furushi hilo hupigwa muhuri wa siri. Kila mwezi Kathini na Mutie waliandika siku mpya, wakafunga furushi upya, wakalituma. Simu ilitazama muhuri. Ikiwa ni uleule wa kwanza, ilimtoa jogoo wa zamani na kumweka mpya. Muhuri ukiwa mwingine, simu ilikataa katakata, kama mama mkwe aliyeletewa mbuzi mgonjwa.

Muhuri huo ulikuwa ndani ya kompyuta moja tu, na neno la kuufungulia lilikuwa kichwani mwa Kathini tu. Mutie aliwahi kuomba nakala.

"Ili uende kuringa kwamba jogoo ni wako?" Kathini alimjibu.

Mwalimu Musyoka, mlezi wa chama, naye aliuliza, "Kathini, umeweka nakala ya muhuri mahali pengine?"

"Ndiyo, mwalimu. Iko nyumbani."

Nyumbani kulikuwa na mbuzi, punda na Susu. Nakala haikuwapo. Kisha umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu kama umetukanwa, na kompyuta ikatoa moshi. Fundi wa Makindu aliifungua, akaifunga, akatikisa kichwa. Maandishi ya programu yalipona, maana Mutie alikuwa nayo. Muhuri ndio ulioungua.

Susu alirudi jua likiwa utosini. Mitungi ilikuwa mitupu, nayo iligongagonga ubavuni mwa punda. Alikaa kizingitini bila kuvua kanga ya kichwani.

"Hakuna hata tone," alisema. "Tulikuwa wengi, tunatazama bomba kama watu wanaotazama maiti. Kathini, jogoo wenu ana nini?"

Hapo ndipo Kathini angeweza kusema. Badala yake alisema, "Bi Najma alibadilisha siku bila kuniambia, Susu."

Uongo huo ulikimbia kuliko bodaboda. Kabla ya Jumapili kuisha, ulikuwa umeingia kanisani, ukatoka, ukafika sokoni. Jumatano ilipofika, bomba lilitiririka na wachache tu waliosikia siku mpya ndio walikuwapo. Wiki nzima watu walipimiana maji ya kunywa kwa kikombe. Mbuzi wawili wa jirani walikufa. Bi Najma alijitetea, lakini hawakumwamini. Akina mama waliacha kumsalimu, na mmoja akamwambia usoni kwamba anawauzia maji watu wa kijiji cha pili.

Kathini alijaribu kuunda muhuri mwingine kwenye kompyuta nyingine ya shule. Simu ya Susu ikaandika kwamba imeshindwa kuweka programu hiyo. Alijaribu tena, na tena. Mutie alikuwa amesimama nyuma yake.

"Huo si muhuri wetu," Mutie akasema.

"Nyamaza."

"Hakuna nakala, sivyo? Kathini, dawa ni moja. Kila mtu amfute jogoo wa zamani kwanza, ndipo huyu mpya ataingia. Waambie tu."

"Nikiwaambia wafute, watauliza kwa nini."

"Si ndiyo uwajibu!"

"Kwako ni rahisi kusema. Si wewe uliyedanganya."

 Hata Mutie aliona jinsi Kathini alivyonaswa.

Jumamosi iliyofuata simu zikawika tena. Safari hii Kathini alimfuata Susu. Kioskini akina mama walikuwa wamemzunguka Bi Najma. Ufunguo wa bomba ulikuwa mkononi mwake, na alikuwa analia bila sauti.

"Chukueni," alisema. "Mtafuteni mtu mnayemwamini. Mimi nimechoka kutukanwa."

"Mwache aende!" mama mmoja akapaza sauti.

"Bi Najma aliniambia," Kathini akasema.

Sauti ilitoka ndogo, kwa hiyo akarudia. Akaeleza yote: muhuri, nakala ambayo haikuwapo, kompyuta, uongo. Hakuna aliyecheka. Susu aliinamisha macho, na hilo lilimuuma Kathini kuliko matusi.

"Mbuzi wangu wamekufa," jirani yao alisema taratibu. "Jogoo wako atanirudishia?"



Mutie alifika na Mwalimu Musyoka, ambaye alikuwa amesikia yote kwa Mutie njiani. Siku nzima watoto hao wawili walipokea simu moja moja, wakamfuta jogoo wa zamani, wakamweka mpya mwenye muhuri mpya. Nakala za muhuri huo sasa zilikuwa kwa Kathini, kwa Mutie na kwenye kabati la mwalimu. Baadhi ya akina mama walikataa. "Toa kuku wako hapa," mmoja alisema, akaondoka na mitungi mitupu. Na wale wa ng'ambo ya bonde hawakuwapo kabisa.

Susu alimwendea Bi Najma. "Nilipita mlangoni kwako bila salamu," alisema. "Nisamehe, mama."

Bi Najma akafuta uso kwa mtandio. Aliutazama ufunguo, kisha akauweka tena shingoni.

"Njoo, Kathini," aliita. "Kompyuta kuungua si kosa lako, hata mimi pampu huniharibikia. Lakini uliificha siri ya kazi ya kijiji kizima ili sifa ziwe zako peke yako, na ilipopotea ukanibebesha mimi aibu. Siku ya kwanza ungesema, 'Nimepoteza,' tungetembea safari moja ya bure. Ulinyamaza, tukapoteza mbuzi na imani. Kazi ya watu wengi, mwanangu, iwe mikononi mwa watu wengi. Na kosa liseme lingali changa."

"Nifanye nini sasa, Bi Najma?"

"Utakuja kusimama hapa kila Jumamosi. Yeyote atakayeletwa na jogoo wa zamani, wewe ndiye utamwambia hakuna maji, na kwa nini. Mpaka asije mtu."

Jumatano bomba lilitoa maji, na Susu akajaza mitungi yote. Jumamosi Kathini alisimama kioskini peke yake, bomba likiwa kavu nyuma yake. Huko bondeni, mama mmoja alikuwa anapanda na punda wake. Kathini akavuta pumzi, akaanza kuteremka kumlaki, ili angalau mlima uliobaki asiupande bure.